Chupa ya Pili ya Rioja

Ghati alikuwa na mwaka wa tatu akihudumu kwenye mgahawa wa Ferdinand huko Columbia, Maryland, lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kukabidhiwa mvinyo. Ferdinand, Mkongo wa Lubumbashi, alikuwa na mafua. Pua yake iliziba, hanusi hata kitunguu kikikaangwa mbele yake.

"Dada Ghati, leo unisaidie kunusa," alimwambia. "Minakuamini."

"Usihofu, bosi."

Hakuwa akijigamba. Kila chupa iliyofunguliwa pale aliomba tone, akanusa, akaandika kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni akaingia mzee Clement, mstaafu wa ubalozi, mtu wa Tukuyu, akiwa na wageni wanane. Walikuja kumpongeza mkewe, Adela, aliyefaulu mtihani wa uuguzi akiwa na miaka hamsini na mitatu. Ghati akawaamkia. Mzee akaagiza Rioja ya mwaka 1994, mvinyo mwekundu wa Hispania.

Ghati akavuta kizibo, akamimina kidogo kwenye glasi ya kuonjea, akanusa. Akasita.

"Samahani mzee, chupa hii imeharibika. Naomba nifungue nyingine."

Clement akachukua ile glasi, akaonja. "Binti, Rioja nimeinywa miaka ishirini. Ladha yake ndiyo hii. Mimina."

Ghati akaleta chupa nyingine.

"Nitamimina mzee, ukishaonja na hii." Akafungua ya pili, akaweka glasi mbili sambamba. "Ya kwanza inanuka boksi lililolowa mvua. Sasa nusa hii. Zambarau mbivu ndiyo inatangulia. Halafu vanila, hiyo imetoka kwenye pipa la mwaloni. Chini yake kuna majani makavu ya tumbaku. Kwetu Tarime nimekua nikilala chini ya tumbaku iliyoning'inizwa, siwezi kuikosea. Ukimeza, ukakasi unashika ulimi kidogo, unaachia, na utamu wa tunda unabaki."

Clement akanusa ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Adela akamnyang'anya glasi zote mbili, akaonja moja baada ya nyingine.

"Baba Bupe, binti yuko sahihi. Hii ya kwanza inanuka stoo tupu!"

Mzee akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Sijui nimekunywa maboksi mangapi miaka yote hii. Haya mwanangu, tumiminie."

Ferdinand alikuwa amesimama mlango wa jikoni, leso mkononi, akisikia kila neno. Wageni walipoanza kula, alimfuata Ghati na orodha ya mvinyo na kalamu.

"Kuanzia Jumatatu, wauzaji wa mvinyo watakuja kwako."

"Na nikikataa chupa unazozipenda?"

"Utaniambia sababu."

Ghati akapokea kalamu, akafuta mbili kwenye orodha palepale.