Faiza Hajatoka Arobaini

Faiza alipojifungua, mama yake, Bi Mwanakheir wa Ng'ambo, alimtunza kama alivyotunzwa yeye: maji ya moto ya kumkanda, uji wa pilipili manga, mlango umerudishwa, mzazi hatoki mpaka arobaini. Faiza alikuwa kimya. Majirani wakamsifu, "Mzazi mwenye haya huyo," na mama mtu akavimba kichwa. Hapo ndipo alipokosea, na wenye mabinti waliojifungua na wasikie.

Haikuwa haya. Faiza hakuwa akilala hata mtoto akilala. Asubuhi moja, akikandwa, alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mama, huyu si mwanangu. Wamembadilisha. Nkimtia kisimani, wangu atarudi."

Maji yalimmwagikia Bi Mwanakheir miguuni asisikie moto.

Alipotaka kumpeleka spitali, Amne, wifi yake Faiza, akamzuia mlangoni. "Umtoe kabla ya arobaini? Na huko spitali watamnyang'anya mtoto, yeye wamchanganye na vichaa wanaume. Mwite mwalimu amsomee."

"Atasomewa huko huko. Nitafutie gari."

Lakini maneno ya Amne yalimkaa rohoni njia nzima. Walipofika, alimkumbatia mjukuu kama anayetaka kukimbia naye. Wodi ilikuwa ya wanawake watupu, na kando ya kila kitanda pana kitanda kidogo cha mtoto.

"Shikamoo, bibi," alisema nesi, Tabia.

"Marahaba. Mtoto mnampeleka wapi?"

"Hendi popote. Atakaa na mama yake, na mmoja wetu atakaa kati yao, usiku na mchana. Haya maradhi huwapata wazazi, na dawa yake ipo. Ila ungechelewa, bibi, tungezungumza mengine."

"Na kumkanda?"

"Mkande. Maji tutakuchemshia. Arobaini yake ataimalizia hapa, hapiti mwanamme."

"Na uji wa pilipili manga?"

"Huo unitilie na mimi kikombe."

Bi Mwanakheir alicheka, kisha akalia, Tabia akamwacha alie.

Dawa zilimlaza Faiza kwanza. Siku zikapita hamtazami mtoto, na Tabia hakumlazimisha wala hakumwonea kinyaa. Akimnywesha mtoto maziwa kwa kikombe, akimsimulia Faiza kila tone. Mpaka asubuhi moja mtoto akalia, na Faiza akasema, "Nipeni. Ana njaa."

Tabia alimtazama machoni, asiharakishe. Kisha akamlaza mtoto kifuani pa mamake, na mikono yake mwenyewe hakuiondoa.