Haja Ndogo ya Chilewa

Katika shule ya serikali ya Dodoma, muda mfupi baada ya reli kufika, wanafunzi walitoka kwenda haja mara moja tu kwa siku: adhuhuri, mwalimu alipogonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni. Kanuni hiyo ilitoka kwa Bwana Mkubwa wa boma, Mjerumani aliyeona kwamba mtoto anayetokatoka hujizoeza kutoroka. Aliyejikojolea alichapwa, kisha nguo yake ikaanikwa kwenye mlingoti, chini ya bendera, naye akaketi uchi darasani mpaka ikauke. Mwalimu Halfani, mtu wa Pangani, hakuitunga kanuni hiyo wala hakuilegeza.

Siku yake ya kwanza shuleni Chilewa, mtoto wa wafugaji, aliona nguo ya mwenzake ikipepea pale mlingotini. Akaazimia kwamba yake haitapanda huko. Alijibana asubuhi nzima, na kipande cha reli kilipogongwa akakuta hawezi tena. Kilichofungwa kilikataa kufunguka. Akarudi nyumbani hivyo hivyo, akalala hivyo hivyo.

Ulikuwa msimu wa kupanda. Mawingu ya mashariki yalifika juu ya shule yakasimama. Kila siku yalikuja mengine, yakasongamana hapo hapo, yakawa meusi, yakashuka bila kudondosha tone. Yalipogusa paa, Halfani aliiteremsha bendera nusu mlingoti, kwa sababu huko juu ilikuwa haionekani. Bwana Mkubwa aliuliza nani amekufa. Akajibiwa kwamba hakufa mtu, ni mawingu. Akaendelea na chakula chake.

Mashambani mbegu za uwele zilikuwa zinakauka ardhini. Tumbo la Chilewa lilikaza kama ngozi ya ngoma. Aliketi wima, kwa kuwa kuinama kulimuuma, na usiku hakulala. Bibi yake, Mazoya, alimpapasa tumbo na kusema kwamba mtoto hatamaliza juma hilo.

Wagogo, mvua ikikataa, huuliza nani kaifunga. Nchi ikiharibika kiasi hicho, wanawake huvaa nguo za waume zao, hushika fimbo na kwenda kuyatupa mabaya magharibi, kwenye mbuga ya Bahi, na wanaume hujifungia ndani wasionekane. Wanawake walitoka asubuhi, Mazoya akiwa mbele na mgolole wa marehemu mumewe. Walitazama mawingu yaliposimama, wakakatiza shuleni kwanza.

Halfani, ambaye kwao desturi hiyo haipo, hakujificha.

"Mbukwa, mwalimu," Mazoya alimsalimu kwa Kigogo.

"Shikamoo, bibi."

"Leo mimi si bibi. Huoni mgolole?"

Halfani aliuona. "Shikamoo, babu."

Wanawake wakacheka. "Marahaba," Mazoya alisema. "Umetufungia mvua."

"Mimi nafundisha hesabu tu."

"Na mvua umeikalisha benchi la pili." Alimwelekezea Chilewa fimbo. "Mtoe akakojoe."

"Adhuhuri haijafika."

"Umeijuaje, mwalimu? Jua umeliona wapi?"

Halfani alitazama juu. Katika hesabu alikuwa mtu wa haki. Jua halikuwapo, wala kivuli cha mlingoti, na kwa muda wote huo alikuwa akigonga kwa kukisia. Hakuweza kuthibitisha kwamba adhuhuri haijafika. Akachukua nyundo, akagonga.

Mazoya alimpeleka mjukuu wake nyuma ya ua wa minyaa. Chilewa alisimama, hakutoa kitu.

"Atanichapa," alisema.

"Nani? Yule? Fimbo yangu ndefu kuliko yake. Kojoa, mume wangu."

Tone lake na tone la mvua yalifika chini pamoja. Kisha vyote viwili vikaendelea. Chilewa alikojoa mpaka jioni, bibi yake akimshika mabega, na tumbo likapungua polepole mpaka likawa tumbo la mtoto. Alisinzia akiwa amesimama. Mvua ilinyesha mpaka Mvumi, na kaskazini mpaka Makutupora. Wanawake hawakwenda tena Bahi, kwa kuwa maji yalikuwa yanaelekea huko yenyewe, na mabaya yangeweza kwenda nayo. Wakarudi nyumbani wamelowa, wakiimba, wakawarudishia waume zao nguo.

Bwana Mkubwa alipokea taarifa ya Halfani, kwamba mtoto alitoka baada ya reli kugongwa, akaona haina kasoro. Aliongeza kifungu kimoja: mwanafunzi Chilewa aruhusiwe kutoka wakati wowote bustani ya boma inapohitaji maji. Sehemu nyingine za kanuni hazikuguswa.

Asubuhi moja, Chilewa akiwa ametoka na kurudi, na majani ya bustani yakingali na matone, Hasani, mtoto wa mfanyabiashara wa Kondoa, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, nimebanwa."

Halfani alichungulia dirishani. Mbingu ilikuwa nyeupe, na kivuli cha mlingoti kilikuwa kirefu.

"Wewe hunyeshi," alisema. "Keti."

Hasani akaketi, akabana magoti. Chilewa alisogea kidogo kumpa nafasi. Nje uwele ulikuwa mzuri mwaka huo, na ulikuwa umeshafika magotini.