Mstari wa Nne

Kompyuta ya marehemu Badru ilikuwa juu ya meza ya plastiki, ubavuni mwa kitanda, waya wake umechomekwa kwenye soketi pekee ya chumba kile. Betri yake ilikufa kabla ya mwenyewe, kwa hiyo ukichomoa waya, mashine inazimika. Mbele yake alikaa Semeni, mjane wa Badru, juu ya kigoda, amevaa nguo nyeupe za eda. Upande wa pili wa pazia, kibarazani, alikaa fundi Sadala na glasi ya maji aliyopewa na Bi Mwantum, mama wa marehemu.

Mashine haikuruhusiwa kutoka. Bi Mwantum alisema vitu vya mwanawe havitavuka kizingiti mpaka mirathi igawanywe. Fundi naye hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa hakuwa maharimu wa mjane. Basi Semeni alisoma kilichoandikwa kwenye kioo, na Sadala akamwambia cha kubonyeza. Kazi ilikwenda vizuri tu. Pale Kibiti watu wameozeshana kupitia mapazia kama hayo, sembuse kutengeneza kompyuta.

"Unaona nini, shemeji?" aliuliza Sadala, ambaye alikuwa rafiki wa Badru tangu shule.

"Kioo cheusi. Mistari minne."

"Nisomee."

"Wa kwanza Linux. Wa pili Linux tena, ile ya kurekebishia. Wa tatu Windows ya zamani. Wa nne umeandikwa Badru Mshamu."

Sadala alikunywa maji. "Huo wa nne tuuache kwanza. Ila usikawie, maana usipochagua inakuchagulia yenyewe."

Linux aliiweka Badru kwa mkono wake, juma lile lile ambalo presha ilimchukua. Alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi, na mambo ya mashine aliyajua. Alisema Windows imechoka, akaweka mfumo mpya, akala chakula cha jioni, na Ijumaa akazikwa.

Semeni alikuwa mwalimu kwa stashahada, si kwa kazi. Kabla ya kuolewa alijitolea kufundisha shule ya kwao Mbwera, kule visiwani. Baada ya kuletwa Kibiti, kila nafasi za ualimu zilipotangazwa, Badru alikwenda dukani kumtumia maombi, na jioni alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema mtandao uko chini. Siku ya mwisho ya maombi alisema uko chini zaidi. Mwaka huu nafasi zilitangazwa tena, pamoja na sharti la umri ambalo mwakani lingemwacha nje moja kwa moja. Vyeti vyake halisi vilikuwa kwa baba yake Mbwera, na mafuriko yaliviondoa pamoja na mpunga wa ghalani. Nakala zilizobaki zilikuwa ndani ya mashine ile, na mfumo wa maombi haukupokea picha za simu. Maombi yangefungwa kabla eda yake haijaisha.

"Linux imeamka," alisema Semeni.

"Fungua kile kidirisha cheusi. Andika n ya Ngarambe, m ya Mbwera, c ya chai, l ya limau, i ya Ikwiriri. Acha nafasi. Halafu d ya dagaa."

Semeni aliandika. "Imeleta kitu kimoja. Kinaitwa lo."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Sadala alifikicha macho. "Lo ni mashine inazungumza na nafsi yake. Hiyo huwepo hata ukiifungia kabatini. Kadi ya mtandao haiioni kabisa."

Waliizima, wakaiwasha, wakachagua mstari wa pili. Kulikuwa na lo peke yake. Wakachagua Windows ya zamani, nayo ikasema haina kifaa chochote cha mtandao. Sadala alipitisha modemu chini ya pazia, Semeni akaichomeka, haikuwaka taa. Akapitisha flashi ili vyeti vitolewe kwa mkono, nayo haikuwaka. Matundu yote ya pembeni yalikuwa maiti. Sadala akampigia simu Tayabali wa Ikwiriri, aliyemuuzia Badru mashine ile ikiwa mtumba wa ofisini, na wakazungumza kwa muda.

"Tayabali anasema yeye aliiuza kila kitu kiko wazi," alisema alipokata simu. "Anasema hii imefungwa kule chini, kabla hata Linux haijaamka. Weka Linux, weka Windows, weka chochote utakacho, kote hutapata mtandao. Na mashine hizi za ofisini hata ukizifungua kwa bisibisi, neno la siri halifutiki. Anayelijua ndiye wa kufungua."

"Nani analijua?"

Sadala alijikohoza. "Chagua ule wa nne, shemeji."

Semeni akashusha mshale mpaka mwisho, akabonyeza. Badru aliingia kwa mlango wa uani, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alivaa shati lake la dukani lenye kalamu mfukoni. Alinukia karafuu maiti, lakini kwa mbali.

"Hamjambo humu," alisema.

"Hatujambo," alijibu Semeni.

"Badru, ni mie Sadala," ilisema sauti ya nje. "Pole na safari."

"Nishapoa. Wafanya nini hapo?"

"Mashine ya shemeji haipati mtandao. Tunaomba lile neno la siri."

Badru alilitazama pazia, kisha akamtazama mkewe. "Mambo ya mke wangu tutayazungumza ndani."

Sadala akasimama, akakung'uta suruali, akamrudishia Bi Mwantum glasi yake. Mtu hakai kibarazani kwa mwenzake akichimba siri za nyumba ilhali mwenye nyumba yumo. Alisema akihitajika Badru atamwita, akaenda zake. Semeni alitamani kumrudisha, lakini hakuwa tena na haki ya kumwita mwanamume yeyote.

Bi Mwantum aliingia na sahani ya wali kwa samaki, akamkuta mwanawe amekaa. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, akamuuliza kama huko anakula. Badru alisema hana la kulalamika. Alikula wali wote akaomba ukoko.

Siku chache zikatosha kumzoea. Alikuwepo mashine ikiwa imewashwa, na hakuweza kwenda mbali kuliko urefu wa waya, yaani akishaingia alifika dirishani lakini hakufika tena uani. Umeme ukikatika alitoweka, na mara moja tonge lake lilibaki hewani kidogo kabla ya kuanguka. Umeme ukirudi, ilibidi Semeni achague tena mstari wa nne. Majirani walipita dirishani kumpa Badru mkono wa pole kwa kufiwa na nafsi yake, naye akaupokea.

Jambo lililoleta mjadala lilikuwa eda. Shekhe aliulizwa, akasema hili hakulisoma popote, akaomba apewe nafasi. Bi Mwantum hakuwa mtu wa kungoja, akaamua mwenyewe. Mashine ikizimwa, Semeni ni mjane, na mjane hatoki. Mashine ikiwashwa, Semeni ni mke, na mke hatoki bila ruhusa ya mumewe. Badru alisema hapo mama amesema vizuri. Semeni hakuulizwa.

Basi akaamua kumbembeleza. Alimpikia samaki wa nazi, alimkuna mgongo, alimsomea habari za mpira alizozisikia redioni. Kila akitaja neno la siri, Badru alisema kesho. Alisema neno lenyewe refu. Alisema kule alikotoka mtu husahausahau, tena akalisema hilo huku akiwataja kwa majina wateja wote waliowahi kutoa kopi dukani kwake.

Siku ya mwisho ya maombi, baada ya alasiri, Semeni alifunga mlango wa chumba.

"Badru, leo usiku dirisha la maombi linafungwa. Nipe neno."

"Mtandao wenyewe leo..."

"Usiniambie uko chini. Niambie kweli."

Badru aliweka kikombe sakafuni. Hakukasirika. "Niliufunga juma lile nililokuleta kutoka Mbwera. Mtandao na matundu. Nilipoweka Linux nilifungua, nikamaliza, nikafunga tena."

"Na maombi yangu uliyokuwa ukiyapeleka dukani?"

"Hayakwenda."

"Hata moja?"

"Ungepangiwa mbali, Semeni. Wale waliokuja kutumia maombi kwangu, kila aliyepata alipangiwa mbali, na sikumwona aliyerudi. Mie nikikupenda. Sikukupiga, sikukunyima chakula. Niliifunga mashine tu."

Semeni alikumbuka kila jioni aliyompokea viatu mtu huyu na kumwambia pole kwa mtandao mbovu. Alikuwa amemwonea huruma, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Sasa umekufa," alisema. "Nikienda au nikibaki, wewe unadhurika nini?"

Badru alilifikiria swali kwa haki. "Nikifungua, utapata kazi. Ukipata kazi, utaondoka. Ukiondoka, nani atanichagulia mstari wa nne?"

Semeni akachomoa waya. Kitanda kikabaki na bonde dogo alipokuwa amekaa, na bonde lenyewe likajaa taratibu. Nyumba ilitulia kwa namna ambayo hakuijua tangu aolewe. Alikaa juu ya kigoda akiushika waya mkononi, akavuta pumzi mpaka tumboni.

Bi Mwantum aligonga, kisha akafungua. "Mwanangu, mbona kimya?"

"Nimeizima, mama."

Mama mkwe alikitazama kitanda. Hakujua kusoma, na mistari ile minne kwake ilikuwa kitu kimoja. Semeni alijua kwamba siku moja, yeye akiwa anasali, bibi huyu aliiwasha mashine kwa siri, akasimama mbele yake akilitaja jina la mwanawe. Mashine ilimngoja kidogo, ikajichagulia mstari wa kwanza, ikaamka bila mtu. Bi Mwantum alimshika mkono.

"Najua kakukosea," alisema. "Nilikuwa mlangoni, nimesikia yote. Lakini mie nilimzika sijamuaga, mwanangu. Jioni tu. Nichagulie jioni tu."

"Na mimi, mama?"

"Wewe Mungu atakupa."

Semeni alimwonea huruma, na huruma ile ilimkasirisha, lakini haikuondoka. Aliurudisha waya kwenye soketi. Alishusha mshale mpaka chini, na Badru akaingia akavua viatu kama mtu aliyesahau kitu dukani. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena. Maombi yalifungwa wakati Badru anamaliza ukoko.

Eda ilipoisha, wanawake walikuja kumkogesha Semeni na kumvisha kanga mpya yenye maneno ya kumtakia heri. Pazia lilishushwa, likafuliwa, likatundikwa tena. Asubuhi mashine ikiwa imezimwa, na yeye si mjane tena wala si mke, alitoka kwa miguu yake mpaka stendi, na hakuna aliyekuwa na hoja ya kumzuia.

Kibiti haikuwa imebadilika. Mabasi ya kusini yalisimama, wauza korosho wakayazunguka. Duka la Badru lilikuwa limekodiwa na mtu wa makava ya simu. Sadala alikuwa pembeni na meza yake, akilehemu waya kwa risasi, akamwamkia shemeji kwa heshima zote.

"Nifungulie ule mfumo wa maombi," alisema Semeni.

Sadala aliufungua kwa simu yake, ukaja mara moja. Uliandika kwamba maombi yamefungwa na kuwashukuru wote waliojitokeza. Semeni aliusoma mara mbili, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wa Mbwera kusoma.

"Umekuja haraka," alisema.

"Mtandao siku hizi una kasi, shemeji. Hata mwaka jana ulikuwa na kasi."

Gari la Nyamisati lilikuwa linajaza. Ukishuka Nyamisati unapanda boti, na kabla ya jua kuzama uko Mbwera. Utingo alimuuliza, "Dada, unakwenda?" Semeni alikuwa na nauli, na kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Alisimama pale ameweka mkono kwenye mlango wa gari. Akamfikiria Bi Mwantum, ambaye muda huo angekuwa ameshaipangusa mashine vumbi, ameketi mbele yake na sahani mapajani, anangoja mtu anayejua kusoma. Mtu mwingine alimpita akakaa kwenye kile kiti. Gari likaondoka.

Alinunua samaki na nazi, akarudi nyumbani.

Jioni, Bi Mwantum alikuwa amekaa vile vile alivyofikiriwa. Semeni aliwasha mashine. Mistari minne ikatokea, ikaanza kumngoja, na aliiacha ingoje mpaka karibu ijichagulie. Semeni akashusha mshale mpaka mwisho.

Badru aliingia, akavua viatu, akaketi. "Naona kanga mpya. Ulitoka leo?"

"Nilitoka."

"Ukafika wapi?"

"Stendi."

"Mtandao huko ukoje?"

Semeni alimmiminia chai, akamsogezea sukari. "Una kasi," alisema.

Badru alipuliza chai yake, akasogea karibu na dirisha mpaka pale waya ulipomruhusu.

"Hapa uko chini," alisema.