Ngazi Aliyochaguliwa Nesta

Heulwen ndiye aliyepiga simu kumwandikisha mdogo wake, Nesta, darasa la Kiwelisi.

"Mweke ngazi ya kwanza," alimwambia mtu wa ofisini, Nesta akiwa ameketi karibu naye na kikombe chake cha chai. "Hajui hata neno. Ndiyo, wale wanaoanza na jina lako nani."

Alipokata simu, Nesta akasema, "Mi-mimi nilifikiri nijaribu ya pili. Jumapili zote hizi nawasikia wewe na Mama. Labda kuna kilichoingia."

"Kiingie wapi? Una sikio la Kiingereza wewe, mdogo wangu. Utajiaibisha bure mbele za watu. Anza chini."

Nesta hakubisha. Kubishana na Heulwen kulitaka maneno yatoke upesi, na ya Nesta hayakuwahi kutoka upesi. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Hata kazi aliichagua kwa sababu hiyo: alitengeneza meno ya bandia katika karakana nyuma ya zahanati moja mjini Wrexham, akishinda na vinywa vya plasta visivyomuuliza kitu.

Kwao asili ni milimani huko Wales, upande wa Bala, ambako hata mbwa wa kondoo huitwa kwa Kiwelisi. Baba yao, Idwal, alipolazimika kuliacha shamba la kukodi, alihamia na familia yake Wrexham, karibu na mpaka wa Uingereza, akaingia kiwanda cha chuma. Heulwen alikuwa na miaka kumi. Nesta alikuwa mdogo, na siku zote aliambiwa kwamba alichelewa kusema, na walihama kabla hajaanza. Dada mtu alikuja na lugha yake mjini, yeye akaikosa, basi. Nyumbani walimtania kwa kumwita "Mwingereza wetu", naye akacheka pamoja nao.

Mama na Heulwen walikuwa na Kiwelisi chao wawili. Walikitumia kupanga zawadi za Krismasi Nesta akiwa pale pale, kumsema mchumba wake wa kwanza, na baadaye kumsema mume aliyempata. Idwal alipolazwa hospitali, walisemezana kwa Kiwelisi juu ya kitanda chake. Nesta, binti wa miaka ishirini na miwili, alimbusu baba yake kwenye paji la uso akaenda kazini, kwa maana aliambiwa kwa Kiingereza kwamba anaendelea vizuri. Baba alifariki mchana huo. Wao walikuwa wanajua tangu asubuhi.

Hilo Nesta alikuwa amelimeza. Baba mwenyewe hakuwa na maneno naye. Alikuwa mtu wa kumshika kichwa akipita, wa kumwekea kipande cha keki kando, lakini mazungumzo hayakuwepo. Nesta alikua akijua kwamba baba anampenda Heulwen zaidi, kama mtu anavyojua rangi ya macho yake.

Kilichompeleka darasani ni mjukuu. Binti yake alimwandikisha mtoto shule ya Kiwelisi, na mtoto akaanza kurudi na nyimbo. Nesta akaona aibu kumwitikia kwa kutikisa kichwa.

Mwalimu aliitwa Tegid, mwanamume mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Jioni ya kwanza aliwafundisha kusalimiana, na watu wakahangaika na sauti zile za kooni huku wakicheka. Nesta hakuhangaika. Alidhani ni bahati. Wiki iliyofuata Tegid akaja na picha, akawa anainua moja moja na kuuliza hii ni nini. Mbwa. Nyumba. Mvua, darasa zima likaijua. Akainua picha ya mwanakondoo anayenyonyeshwa kwa chupa. Mfamasia mmoja mstaafu akasema, kwa fahari, neno la mwanakondoo.

"Oen llywaeth," akasema Nesta.

Tegid aliishusha picha. "Umesemaje?"

Nesta akarudia, akikwama kwenye herufi ya kwanza kama kawaida yake. Lilikuwa limetoka lenyewe. Lilikuja na joto la jiko usoni, na manyoya yenye unyevu chini ya kidevu chake.

"Hilo halimo kwenye kitabu chetu," Tegid alisema taratibu. "Ni mwanakondoo aliyefiwa na mama, anayelelewa jikoni. Watu wa mashambani ndio wanaomwita hivyo. Umelitoa wapi?"

"Si-sijui."

Darasa lilipotawanyika alimwomba abaki. Akaketi kwenye ukingo wa meza, akaanza kumsemesha kwa Kiwelisi, si kile cha darasani bali cha haraka, kama mtu anavyoongea na jirani ukutani. Alimuuliza kama ana baridi, kama amekula, nani anamngoja nyumbani. Nesta alielewa yote. Alijibu kwa maneno mafupi, na kila jibu lilimshangaza yeye kabla ya kumshangaza mwalimu.

"Nani alikuweka ngazi ya kwanza?" Tegid aliuliza.

"Dada yangu."

"Naye anajua Kiwelisi?"

"Kuliko Kiingereza."

Tegid alikuna kidevu. "Nesta, usinielewe vibaya, sikutukani. Masikio yako ni ya ngazi ya nne. Mdomo wako ni wa mtoto wa miaka minne. Namaanisha hivyo hasa. Unapindisha maneno wanavyoyapindisha watoto wa milimani, hakuna mtu mzima anayejifunza darasani akasema hivyo. Wewe hukuwahi kukosa lugha hii. Ulikuwa nayo. Uliongea."

Nesta aliendesha gari hadi kwake akabaki ameketi garini mpaka mumewe akatoka kumtazama.

Jumapili alikwenda kwa mama yake kama kawaida. Mama Morfudd, wa miaka themanini na mitatu, alikuwa bado anachoma nyama ya kondoo mwenyewe na hakuruhusu mtu aguse mchuzi wake. Heulwen alikuwa anapanga sahani. Nesta hakuvua koti.

"Mama, niliacha lini kuongea Kiwelisi?"

Mama alifunga mlango wa jiko. "Hukuwahi kuongea. Unajua hilo."

"Mwa-mwalimu anasema niliongea."

"Mwalimu gani huyo?" Heulwen aliingilia. "Wiki mbili darasani na tayari wanakujaza maneno. Si nilikwambia." Kisha akamgeukia mama yao, na kwa Kiwelisi, kwa sauti ile ile ya kuagiza chumvi, akasema, "Usimwambie kitu, ataanza tu kulia. Keti tule."

Jumapili zote zilizopita sauti ile ilikuwa imempita Nesta kama redio ya nyumba ya jirani. Safari hii aliisikiliza.

"Mimi silii," Nesta akajibu, kwa Kiwelisi.

Ilikuwa sentensi ya mtoto, imepinda mwishoni. Mama Morfudd alijifunika mdomo kwa taulo ya jikoni. Heulwen akabaki na sahani mkononi.

"Ongea, Mama," Nesta alisema. "Lugha yoyote unayotaka."

Mama akaketi. Alieleza akiitazama meza. Walipofika Wrexham, mtoto akaanza kukwama maneno. Wakampeleka kwa daktari, naye akasema mtoto amechanganywa na lugha mbili, waondoe moja. Shule ilikuwa ya Kiingereza, mtaa wa Kiingereza, wangeondoa ipi? Mama akapiga marufuku. Kuanzia siku hiyo hakuna wa kumsemesha Nesta Kiwelisi. Mtoto alikuja na maneno yake, wakajifanya hawajamsikia mpaka aliposema kwa Kiingereza. Baada ya msimu mmoja wa baridi hakuja nayo tena.

"Na kigugumizi?" Nesta aliuliza.

Mama akaikunja taulo.

"Ni-ninauliza. Kili-kiliondoka?"

"Tulifanya alivyosema daktari, mwanangu. Nani angebishana na daktari?"

"Na Baba?"

Hapo ndipo Mama Morfudd alipolia. "Baba yako hakutaka. Alikuwa anakupeleka kwenye kibanda cha bustani akuongeleshe kwa siri. Nilipowakuta nilimwambia anaharibu ulimi wa mtoto. Akaacha." Akajifuta macho. "Hakuwa na Kiingereza cha kumbembelezea mtoto, yule. Alikuwa nacho cha kiwandani tu."

Kwa miaka yote ile Nesta alikuwa amemhesabu baba yake miongoni mwa watu waliomwona mzigo. Aliolewa na mwanamume msemaji kwa sababu hiyo. Hakumlilia vya kutosha kwa sababu hiyo. Na hawa wawili waliosimama naye kaburini walijua kwa nini yule mtu alikuwa kimya, wakamwacha aamini alichoamini.

"Mimi nilikuwa mtoto," Heulwen alisema. "Miaka kumi. Niliambiwa ninyamaze."

"Ulikuwa na miaka kumi wakati huo. Ulipopiga simu kule ofisini ulikuwa na sitini."

"Nilitaka uanze kama watu wengine. Ukae na wanaoanza, ujifunze polepole, usijiulize maswali. Kukuumiza sasa kungesaidia nini?"

"Na hospitalini?"

Heulwen aliweka sahani mezani. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka. "Wewe ulikuwa kipenzi chake. Hukuona, lakini alikuwa anakutazama wewe tu. Mimi nilikuwa na kile kimoja ambacho wewe hukuwa nacho, mimi na Mama. Ndiyo hivyo. Nimekwambia."

Nesta alingoja kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Alichukua funguo zake akatoka, na nyama ikabaki ndani ya jiko.

Tegid alimpa hiari: akae ngazi ya nne asikilize, au abaki ya kwanza mdomo ukue. Nesta akachagua ya tatu. Ni ngumu kwake. Haandiki vizuri, na watu wa darasa lile, ambao wamesoma kwa vitabu, humsahihisha maneno ambayo kule kwao milimani husemwa hivyo hivyo. Hukwama, nao humngoja amalize. Mjukuu humsimulia habari za shule, naye huuliza maswali, na mtoto haoni ajabu yoyote.

Krismasi hakwenda kwa mama yake. Heulwen alituma kadi mbili, naye hakujibu hata moja. Mama Morfudd hupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa, na siku hizi humsemesha Kiwelisi, kwa uangalifu, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Humwita kwa jina lile la kudekeza walilomwita kule shambani. Nesta husikiliza mpaka mwisho. Anaelewa kila neno. Kisha humjibu kwa Kiingereza, kwamba hajambo, kwamba kazi ni nyingi, na kwamba Jumapili ijayo hatafika.