Mgeni Asiyegonga

Mama Pacha, jirani wa chumba cha pili, anamwambia Kimya jioni kuwa mwanamke mmoja alikuja saa nne asubuhi, akasimama mbele ya mlango wa Kimya, mikono nyuma, akaganda. Hakugonga wala hakupiga hodi. Jua likampiga mpaka kivuli kikamwishia miguuni, yeye yupo tu kama nguzo ya umeme. Saa nane akaondoka. Na siku iliyotangulia ilikuwa vilevile.

"Nikamwambia, dada, mwenyewe yuko kazini. Akanitazama kama nimemtukana. Nikajiuliza, huyu ni mama mkwe au mchawi? Maana mama mkwe naye hagongi, anakagua. Ila wewe mume huna, kwa hiyo ni mchawi."

Mama Pacha ni mtu wa kutia chumvi. Akiona paka atakuambia chui. Lakini ile mikono nyuma asingeweza kuitunga.

Kimya, ndivyo mtaa ulivyomwita kwa uchache wa maneno, alicheka kidogo kwa adabu, akaingia ndani. Akafunga komeo. Akalifungua, akalifunga tena.

Alizaliwa na kukulia Kambini, kwa watu waliomfuata mtu mmoja waliyemwita Mlezi. Kule milango haikuwa na komeo na hakuna aliyegonga. Ukimtaka mkubwa wako, unasimama mikono nyuma mpaka akuone, hata kutwa nzima. Mlezi ndiye aliyepanga nani aamke saa ngapi, nani ale, nani aolewe na nani. Kimya alitoroka akiwa na miaka ishirini na miwili, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kupiga pasi kwa dobi. Miezi ya mwanzo chakula kilikuwa kinapoa mbele yake akingoja kuambiwa ale. Kuchagua pazia la dirisha kulimchukua saa mbili, mwenye duka akamuuliza, "Dada, hili pazia unalinunua au unaliposa?"

Sasa wamemfuata. Kumrudisha, au kuna nini kingine?

Kesho yake akachoma ukosi wa shati la mteja, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Dobi akaunusa ule moshi.

"Mwili umeuleta, akili umeiacha wapi? Nenda nyumbani, binti yangu, kabla hujanichomea na duka."

Akaenda mbiombio, kisha polepole, kisha akasimama kabisa kwenye kona. Mwanamke yupo. Akamtambua kwa bega la kushoto lililoshuka, bega la miaka ya kubeba ndoo.

Kambini mtoto haruhusiwi kumwita mtu mama. Lakini alijua kuwa huyu ni mama yake, kama kila mtoto kule alivyomjua wake akanyamaza. Na mama huyuhuyu ndiye aliyesimama mbele ya mkutano akamwambia Mlezi kwamba binti yake ameficha kipande cha kioo, anajitazama. Kimya akatengwa siku arobaini bila kusemeshwa na mtu.

"Nani amekutuma?" akauliza, akiwa bado mbali.

"Hakuna wa kunituma. Mlezi amekufa. Watu wametawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu ya moto. Yule muuza sabuni aliyekuwa akija kule, anayekuona mtaa huu, ndiye aliyenielekeza."

Kimya akatazama barabara huku na huku. Hakuna gari, hakuna wale wanaume wawili wawili ambao Kambi iliwatuma kurudisha watoro. Akafungua mlango.

Mama akaingia, akasimama katikati ya chumba.

"Kaa," Kimya akasema, na mama akaketi papo hapo, sakafuni, ilhali kiti kipo. Neno lile likamtisha Kimya. Akageuka, akaosha kikombe kisafi, akakifuta, akakiosha tena. Akatia chai, akaweka na mkate.

"Kunywa ukitaka."

"Nikitaka?"

"Ndiyo. Kama hutaki, acha."

Mama akakitazama kikombe. Mvuke ukapungua, ukaisha. Kimya alihisi neno "kunywa" limemkaa ulimini, peke yake, bila "ukitaka", akalimeza. Miguu ilitaka kutoka nje. Huko Mama Pacha alikuwa anasugua sufuria ileile tangu waingie.

"Mwanangu," mama akasema. Neno hilo hakuwahi kulisema. "Ulipoondoka nilisimama nikasema umepotea. Nilisema kwa sauti. Sasa najua niliyepotea ni mimi, tangu zamani. Jana nilikaa kituo cha basi mpaka wenyewe wakanifukuza, sikujua niende kulia au kushoto."

"Utajifunza. Mimi nilijifunza."

"Wewe ulikuwa kijana. Mimi nina miaka sitini. Nipangie wewe. Saa ya kulala, saa ya kula, kazi ya kufanya. Nitakutii kuliko nilivyomtii yeye."

Kimya akafika mlangoni, akarudi. Akashika mgongo wa kiti, akauachia.

"Anza na dogo tu," mama akasema, mikono imeshakwenda nyuma. "Kesho niamke saa ngapi?"