Hayumo, Panda

Habari kwamba Utingo anaacha uchekeshaji zilifika Kawetele siku ya Jumanne, zikaja na lori la chai. Wakulima walikuwa wamekaa bandani na matenga yao ya majani mabichi, wakisubiri mizani, ndipo dereva alipotoa kichwa dirishani.

"Poleni, wenzangu. Utingo ameokoka. Anaacha."

"Anaacha nini, pombe?" akauliza Ambilikile, mzee mjane ambaye kanda zote za Utingo alikuwa amezimaliza kwa kuzisikiliza, mpaka nyingine sauti ilikuwa imeanza kukoroma.

"Kuchekesha. Jumapili saa tisa anaaga pale ukumbini mjini. Muulizeni Anwari wa kanda kama nasema uongo."

 Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja.

"Kwani hawezi kuokoka na akachekesha vilevile?"

"Wamemlisha nini hao walokole?"

Ambilikile alivua kofia akaitupa juu ya tenga lake. "Kwa hiyo wokovu umekuja kunikomoa mimi! Nimefiwa na mke, nikasema sawa. Ruzuku ya mbolea wameiondoa, nikasema sawa, ndiyo soko huria. Nikabaki na Utingo peke yake. Na yeye anaondoka!"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na hasira ndani yake.

"Angalau Jumapili atupe ile ya gari," akasema mwanamke mmoja. "Ile ya nkamwana aliyepanda bila kuuliza!" Akapiga ubavu wa tenga mara mbili, pa pa, kama utingo anavyopiga bodi ya gari kumwambia dereva aondoke. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya mchekeshaji yule, na wilaya nzima ilikuwa imejifunza kuipiga.

Halafu yule mwanamke akakumbuka. Akageuka. Felista alikuwa amekaa hatua tatu nyuma yake, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Mama Lilian, usikasirike. Ni utani tu."

"Sijakasirika," akasema Felista. Ndilo jibu alilokuwa analitoa kwa miaka tisa, tangu kanda ya kwanza itoke.

Mambo yenyewe yalitokea miaka kumi na mmoja nyuma, mwaka themanini na saba, magari ya watu binafsi yalipoanza kuonekana kwa wingi barabarani. Felista alikuwa mke wa Hezron, na Wanyakyusa wana adabu yao: nkamwana, yaani mke wa mwana, hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona mbele anaacha njia na kuingia migombani. Jina lake halitaji. Nyumba yake anaipitia kwa nyuma. Hata waliobatizwa, na nyumba ya Hezron ilikuwa ya Wakristo wa siku nyingi, hilo hawakuliacha. Jina la mzee huyo Felista hajawahi kulitamka, na hapa pia tutaliacha.

Magari yalipokuja, wanawake walioolewa wakajitungia utaratibu. Kabla ya kupanda pikapu iliyofunikwa turubai, unamuuliza utingo, kijana anayening'inia nyuma na kupakia watu: mzee wetu yumo? Utingo aliyezaliwa huku anazijua koo zote. Akisema yumo, unasubiri gari lingine, hata kama ni kesho. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo, lakini ilifuatwa.

Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Tukuyu isiyo na haraka ya kwisha. Felista, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa anakwenda Isongole kumwona mama yake. Utingo wa pikapu alikuwa kijana aitwaye Asajile, wa kijiji cha pili. Akamuuliza. Akajibiwa. Akapanda. Turubai lilikuwa limeshushwa kwa ajili ya mvua, na ndani kulikuwa giza. Walipofika kwenye mwinuko baada ya Kawetele, mtu mmoja aliinua turubai kuchungulia anaposhukia, mwanga ukaingia, na Felista akamwona mzee wa nyumba yao amekaa mkabala naye, magoti yao karibu yagusane. Mzee alijifunika uso kwa koti. Felista aliruka. Gari lilikuwa linatambaa, lakini lilikuwa linakwenda.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Mtoto hakupona. Lilian, aliyezaliwa miaka miwili kabla, akabaki kuwa mtoto wao pekee.

Baada ya miaka miwili Asajile aliacha utingo, akaanza kusimama mbele ya watu na ovaroli lake lililochanika, akijiita Utingo. Kichekesho kilichompa jina kilikuwa hicho. Katika kichekesho, nkamwana anafika anakimbia na kikapu kichwani, anaruka ndani kama mbuzi, haulizi, anamkalia mkwewe mapajani na kuanza kumsengenya mkwe huyohuyo. Halafu anaruka nje na kikapu chake. Mtoto hamna. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jambo moja likabaki vichwani mwao kama lilivyo: hakuuliza.

Mzee naye aliamini hivyo. Alikaa miaka minane bila kupokea chakula kilichopikwa na Felista, kisha akafa. Hezron hakuwahi kumpiga mkewe wala kumfukuza. Ila kila ilipozungumzwa habari ya mtoto, alisema polepole, "Ungeuliza tu, Mama Lilian." Mwanzoni Felista alimjibu kwamba aliuliza. Baadaye aliona kwamba neno lake linashindana na kanda inayopigwa kila duka, akaacha.

Sasa Asajile ameokoka. Na watu waliookoka huku wana desturi ya kutengeneza: wanawaendea wale waliowakosea, mmoja mmoja, wanataja kosa kwa jina lake, wanaomba msamaha. Felista alilijua hilo. Jumatano akaamka mapema akafagia uwanja, akatoa kigoda cha wageni nje.

Jumatano hiyo ilisikika kwamba Asajile amekwenda Nkunga kurudisha jembe aliloiba akiwa mtoto. Alhamisi alikuwa kwa Anwari, anayerekodi na kuuza kanda zake, akakiri kwamba alikuwa anauza kanda nyingine kwa siri Mbeya. Kila siku Felista alifagia. Jumamosi Asajile alikuja Kawetele yenyewe. Akaingia kwa Ambilikile, nyumba ya pili kutoka kwa Felista, akakiri kuku wawili wa mwaka wa njaa.

"Kuku nimekusamehe zamani!" Felista alimsikia mzee akipaza sauti. "Kicheko changu je? Hicho utakirudisha lini?"

Asajile alitoka akapita mbele ya ua wa Felista. Hatua zake zilipungua karibu na lango. Kisha zikaongezeka.

Felista alikirudisha kigoda ndani. Jioni akamwambia mumewe, "Kesho twende wote ukumbini."

Hezron alishangaa. "Wewe?"

"Mimi. Na wewe uje. Nataka usikie kitu."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Anwari alikuwa mbele na redio kaseti mbili juu ya meza, moja ya kurekodi na nyingine ya akiba. Asajile alitokea na suti ya kijivu. Ovaroli halikuwepo.

"Vua suti!" mtu akapiga kelele. "Umeazima kwa nani?"

"Kwa mchungaji! Tazama mikono ilivyozidi!"

"Jamani," akasema Asajile, "leo sichekeshi. Nimekuja kushuhudia." Wakacheka. "Nimeiba jembe Nkunga." Wakacheka. "Nimeiba kuku, nimedanganya, nimewafanya wanyonge wawe vichekesho." Mzee mmoja mbele alikuwa anajipangusa machozi, anamwambia jirani yake, "Huyu hajaacha, huyu ndiyo kwanza ananoga." Asajile akanyoosha mikono kuwaomba wanyamaze, na kwa kuwa mikono hiyo miaka yote ilikuwa inanyooshwa hivyo kabla ya kichekesho kikubwa, wakapiga mabenchi mara mbili, pa pa.

"Ya gari! Ya gari!"

"Hiyo siisemi tena."

"Ya gari! Usituache hivihivi!"

Felista akasimama. Alikuwa amekaa nyuma na Hezron, na kutoka nyuma mpaka mbele ni mbali kwa mguu ule. Wa kwanza waliomtambua walinong'ona, wa pili wakapiga vigelegele. Walidhani wameandaliwa kitu. Alikuwa amejitayarisha maneno mawili tu, la kuuliza na la mtoto, na njia nzima aliyashika kifuani yasidondoke.

Akafika. "Asajile."

"Naam, dada."

"Mimi ndiye wa kwenye gari. Niliuliza, au sikuuliza?"

Asajile alimtazama. Ukumbi ulitulia kwa hamu. Mtu angeweza kusema baadaye kwamba pale alikuwa na nafasi ya kukwepa, kwa mzaha mmoja tu, na pengine ingekuwa rahisi kwake. Hakukwepa. Hilo ni haki lisemwe.

"Uliuliza," akasema.

"Ulinijibuje?"

"Nilisema, 'Hayumo, panda.'"

Mlipuko uliotoka ukumbini ulitikisa mabati. Kwa miaka tisa walikuwa wamemcheka nkamwana. Sasa, siku ya mwisho, kichekesho kimegeuzwa, na mjinga ni utingo! Watu walikumbatiana.

"Ulijua kwamba yumo?" Felista alilazimika kupaza sauti.

"Nilijua! Nilimpakia mwenyewe! Nafasi ilibaki moja, dereva anapiga honi, nimeloa, nilitaka tuondoke tu!" Asajile alikuwa analia sasa, makamasi yanamtoka. "Jamani, ni kweli! Namwomba msamaha huyu mama!"

"Analia! Ona anavyolia!" Watu walisimama juu ya mabenchi. "Utingo hana mpinzani! Hayumo, panda!"

"Na mtoto," akasema Felista. Hilo lilikuwa neno la pili. Alilisema mara mbili, na hata Asajile aliyesimama mbele yake hakulisikia. Ukumbi wote ulikuwa umeshika mwendo mmoja: pa pa, hayumo, panda, pa pa, hayumo, panda. Anwari alikuwa ameinamia redio yake akihakikisha kanda inazunguka.

Felista aligeuka kumtafuta mumewe. Hezron alikuwa amesimama pamoja na wengine, mkono ameuweka mdomoni kwa heshima, na mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka.

Asajile alimfuata Felista mpaka mlango wa pembeni. Suti ilikuwa imelowa kifuani.

"Dada, nimesema."

"Umesema."

"Hawakuamini. Umeona mwenyewe, wamecheka."

"Ni wewe uliyewafundisha," akasema Felista. Hakulisema kwa ukali. Akashika mkono aliopewa, maana mkono ulikuwa umenyooshwa, kisha akauachia.

Walirudi Kawetele kwa miguu, yeye na Hezron, taratibu kwa ajili ya mguu. Vijana wa bodaboda hawakuwepo miaka hiyo, na pikapu Felista hapandi. Kila walipokutana na kundi linalotoka mjini, mtu mmoja alipiga paja lake mara mbili na kusema hayumo, panda, na wengine wakaangua vicheko. Walimsalimu Felista kwa furaha. Mmoja alimwita msanii.

"Nimekuleta usikie," Felista akasema walipobaki peke yao.

"Nimesikia. Mmeipanga lini, wewe na Asajile?"

"Hatukupanga. Ndivyo ilivyokuwa. Niliuliza."

Hezron alitembea hatua kadhaa. Hakuwa mtu mbaya, na alitaka kumpa mkewe kitu. "Mama Lilian," akasema kwa upole, "yule ni mchekeshaji. Ni kazi yake kugeuza mambo. Lakini amekusafisha mbele za watu, na ni vizuri."

Felista alitangulia.

Karibu na nyumbani njia inagawanyika. Moja inapita mbele ya nyumba ya mzee, palipo na kaburi lake chini ya migomba. Nyingine inazunguka nyuma, ina tope, na ndiyo njia ya Felista tangu alipoolewa. Hata baada ya mzee kufa, miguu ya Felista haikubadili njia. Jioni ile alishika ya mbele. Hezron alisimama akamtazama, hakumzuia.

Alifika kaburini. Alikuwa hajawahi kusema neno hata moja na mtu aliyelala pale. 

"Niliuliza, baba," akasema. "Siku ile, kabla sijapanda. Nilimuuliza kijana wa gari kama umo."

Alisubiri, hakujua anasubiri nini. Majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji ya mvua ya mchana.

Hezron akaja nyuma yake, akamshika bega. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, sauti ya mzee wa kanisa kwa mfiwa.

"Usijisumbue, mke wangu. Mzee hayumo humo."

Maneno yalipokwisha kumtoka aliyasikia mwenyewe. Felista aliona pembe ya mdomo wa mumewe inainuka. Alimwona akijitahidi asicheke, akiuma midomo, akitazama pembeni kwenye migomba, na mwishowe pumzi ikampasuka puani.

Felista aliutoa mkono wa Hezron begani, akageuka, akarudi mpaka panapogawanyika njia, akashika ile ya tope.