Pipa la Maji ya Betri

Filomena wa nyumba ya tatu anasema aliniona kwa macho yake. Anasema ilikuwa asubuhi, jua halijachomoza vizuri, nami nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani, nimevaa sweta langu la kijani, nikaingia uani mwa karakana kwa nyuma. Siku ile hakushangaa. Gari liliposhindwa kuwaka kule Hirbadaw ndipo alipokumbuka, akaenda kumwambia Fundi Hilary: yule binti wa Tumati anajaza betri kwa maji ya bomba.

Sweta ni langu kweli. Ndoo naijua. Lakini saa hizo mimi huwa bado kitandani, maana karakana hufunguliwa saa mbili.

Nilimaliza darasa la saba Tumati, nikaja huku kwenye shamba la ngano kukaa na shangazi yangu Kornelia, dada wa baba. Yeye ana kibanda cha chai karibu na geti. Mwaka jana Fundi Hilary alitafuta mtu wa kuangalia betri, kwa sababu wale vijana waliokuwepo walikuwa wanasahau kufunga vifuniko. Nikapewa mimi. Vijana walicheka wiki nzima, halafu wakazoea.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka kurudia. Kila Jumatatu nafungua vifuniko vya betri zote, za magari na za trekta, naangalia kama maji yamefunika sahani za madini ya risasi zilizomo ndani. Yakipungua naongeza. Ule unga wa kijani unaoota kwenye vichwa vya waya nauosha kwa maji ya moto, kisha napaka grisi. Nakaza nati ili betri isicheze, maana barabara zetu zinaitikisa mpaka inapasuka ndani. Nawakumbusha madereva wazime taa na redio kabla ya kuzima injini. Wananiita Mama Betri. Sijali.

Jambo moja Fundi Hilary alilitia mkazo kuliko yote. Yeye ni mtu wa Songea, anaongea polepole.

"Natalia, maji ya bomba la hapa yana magadi. Yanapika maharage haraka, lakini betri yanaiua. Betri inakunywa maji ya mvua tu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi."

Nyuma ya karakana kuna pipa linalokinga maji ya bati. Mvua zikiisha mwezi wa tano, maji hayo ndiyo ya kututosha mpaka mwezi wa kumi na moja. Nikakwaruza alama ubavuni kwa ndani kwa msumari, kutoka juu kwenda chini, moja kwa kila mwezi kuanzia wa tano, nijue tunavyoshuka.

Habari ya Hirbadaw ninayo kutoka kwa Patriki, dereva wa pikapu, maana mimi sikuwepo. Ilikuwa katikati ya mavuno. Gidamis, mwendesha kombaini, alibanwa mkono na mkanda wa mashine. Patriki akampakia kumpeleka hospitali. Walipofika Hirbadaw Gidamis akaanza kuzimia, Patriki akasimama ampe maji, na kwa mazoea akazima injini. Alipowasha tena alisikia tik, tik, basi. Pale ni tambarare, hakuna hata kamteremko ka kusukumia.

Wakatokea wachungaji watatu na ng'ombe wao. Mmoja, Gidahosh, akazunguka gari mara mbili.

"Mlituambia trekta zenu zina nguvu za farasi mia. Leo mnaomba miguu ya wenye ng'ombe?"

"Mzee, nina mgonjwa humu," Patriki akamwambia.

"Namwona. Tutasukuma. Lakini ukifika useme ni nani aliyesukuma."

Walisukuma mara nne ndipo likawaka. Gidamis amebaki na vidole vitatu. Daktari hakusema kama kuwahi kungesaidia, wala hakusema kwamba kusingesaidia.

Fundi Hilary alifungua ile betri mbele yangu. Hakupandisha sauti.

"Hii ina miezi minane. Nilitegemea miaka mitatu. Na za trekta mbili zimeanza hivyohivyo. Unatia nini humu?"

"Maji ya pipa, Fundi."

"Filomena anasema mengine."

"Namsikia anavyosema."

"Kesho saa mbili meneja atakuja hapa. Anataka jina la mtu. Kama sina lingine nitampa lako, na utarudi kwenu. Sipendi, lakini nitampa."

Nikaenda kulitazama pipa. Tulikuwa mwisho wa mwezi wa nane. Maji yalitakiwa yawe yamefika alama ya nne. Yalikuwa bado juu ya alama ya pili. Nilikuwa nimeliona hilo tangu mwezi wa saba na nikalifurahia. Nilidhani ni kile kifuniko nilicholifunikia pipa kinachozuia maji yasikauke, hata Fundi nilimwambia jinsi tunavyobana matumizi. Sasa nikasimama pale nikijiuliza pipa gani linalotumika bila kupungua.

Nilichukua kipande cha kioo cha gari kilichovunjika, nikakisugua kikatakata. Upande mmoja nikadondosha maji ya pipa. Upande wa pili nikadondosha maji ya mvua ambayo Fundi aliyakinga mwenyewe kwa chupa mwezi wa nne, akayafungia kabatini. Nikakiweka juani. Baada ya muda upande wa chupa ulikauka ukawa safi. Upande wa pipa ulibaki na duara jeupe, ukiligusa linakwaruza kidole.

Kwa hiyo mle pipani mlikuwa na maji ya bomba, na Filomena hakuwa mwongo mtupu.

Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, nilipita kwake nikaomba moto. Birika lake lilikuwa jikoni, nikafunua kama mtu anayetafuta maji ya kunywa. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Kila birika la hapa liko hivyo, na chai ya hapa ina ladha ya sabuni. Ndiyo maana watu wanatembea toka nyumba za mwisho kuja kunywa kwa shangazi. Filomena mwenyewe hakosi hata siku moja. Fundi Hilary anakunywa vikombe viwili.

"Unatafuta nini kwenye birika la watu?" Filomena akaniuliza.

"Nilikuwa na kiu, dada."

"Maji yako mtungini. Au siku hizi unakunywa ya betri?"

Nikamshukuru kwa moto, nikaondoka.

Shangazi alikuwa anaosha vikombe kibandani. Sweta langu la kijani alikuwa amelivaa yeye, kama kawaida yake kukiwa na baridi. Sufuria lake kubwa la chai nililigeuza. Lilikuwa jeusi kwa nje. Kwa ndani linang'aa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unakagua vyombo vyangu kama bwana afya?"

"Maji ya chai unateka wapi?"

Hakuficha. Nafikiri hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha.

"Si pale kwenu, kwenye pipa. Ndoo moja kila asubuhi. Unadhani maji haya ya bomba yanatoa chai?"

"Na baada ya kuteka?"

Akanyoosha mgongo, akanitazama kama nimemtukana.

"Narudisha. Mimi si mwizi, Natalia. Bibi yako alitufundisha, maji ya kuazima yanarudi siku hiyohiyo, kipimo kilekile na kikombe juu. Nikichota ndoo moja kwenu, nakwenda bombani, namimina ndoo moja na kikombe cha shukrani. Hata tone sijawahi kupunja. Lichungulie pipa lenu kama limepungua."

"Halijapungua."

"Sasa?"

Nikamweleza. Nilimweleza magadi, sahani za risasi, kipande cha kioo, tik tik ya Hirbadaw, vidole vya Gidamis, na jina langu ambalo meneja atapewa kesho. Gidamis alikuwa anakunywa chai hapo kila siku, kikombe chake kina ufa, alikuwa hataki kingine. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kitambaa kilisimama ndani ya kikombe.

"Mimi nilirudisha," akasema, kwa sauti ndogo.

"Najua ulirudisha."

Sikumwambia lingine analolijua mwenyewe: kibanda kiko ndani ya uzio wa shamba, na meneja ndiye aliyeruhusu kijengwe. Bila maji ya pipa chai yake itakuwa kama ya Filomena. Na akijitaja, huenda hata hiyo asiruhusiwe kuichemsha.

"Shangazi, kesho saa mbili twende wote karakana. Umwambie Fundi hivyohivyo ulivyoniambia mimi, kwamba ulikuwa unarudisha. Mimi nitasimama pembeni yako."

Akamaliza kufuta kile kikombe, akakipanga, akachukua kingine ambacho kilikuwa kimeshafutwa.

"Shangazi?"

Alivua sweta langu, akalikunja vizuri mikono ikiwa ndani, akaliweka kwenye benchi upande wangu, kama kitu cha kuazima kinachorudishwa. Kisha akanipa mgongo, akainama kupuliza moto.